Nilimuuliza Mungu kwa Jamvi la Karafuu

Jumapili, jioni. Ole, Pemba.

Leo jua limetoka kwa vipande. Asubuhi lilichoma, adhuhuri likajificha, na alasiri mvua imekuja bila hodi. Mikono yangu inanuka karafuu, mgongo unauma, lakini moyo, Shajara, moyo leo ni mwepesi kama jamvi lililokwisha kukung'utwa.

Nimekaa barazani na simu yangu. Tumsifu amelala chumba cha uwani, dirisha liko wazi, nami nasikiliza anavyopumua. Yaani sisikii kitu. Miezi yote hii nilikuwa namsikia hata nikiwa jikoni, anavuta pumzi kama mtu anayepanda mlima na mzigo. Leo kimya.

Sijui kama kuna mama mwingine Pemba hii anayefurahia ukimya kama mimi.

Kwa mnaopita hapa mara ya kwanza, Tumsifu ni binti yangu, mwalimu wa skuli kule Gando. Blogu hii alinifungulia yeye. Aliniambia, "Mama, una maneno mengi, yatafutie mahali pa kukaa." Mimi darasa langu la saba, lakini kuandika naandika, na wapo wenye madarasa makubwa wanaonisoma na kuniuliza lini nitaandika tena. Sijisifu. Nasema lililopo.

Na huyo Tumsifu ana sauti. Kanisani kwetu Wete Wakristo ni wachache, tunajuana mpaka viatu, na kwaya yetu ukiihesabu haijazi benchi mbili. Lakini Tumsifu akianzisha wimbo, mpita njia anasimama. Fundi baiskeli wa jirani na kanisa, Muislamu na swala zake tano, aliniambia kwa mdomo wake kwamba asubuhi ya Jumapili hagongi nyundo mpaka binti yangu amalize kuimba. Nilirudi nyumbani siku hiyo natembea kama nimevaa dhahabu.

Ndipo rovu likamtoka. Shingoni hapo hapo, kwenye njia ya ile sauti.

Lilianza kama tonge. Tukasema ni baridi, litanywea. Halikunywea, likakua mpaka akawa anafunga mtandio hata ndani ya nyumba, na usiku analala ameegemea ukuta. Tukavuka kwenda Unguja. Daktari akapiga picha zake, akasema lazima likatwe, maana linabana koo la hewa na litazidi kubana. Mpaka hapo nilikuwa naitikia. Halafu akaongeza kwamba mshipa wa sauti unapita jirani kabisa na hilo rovu. Atajitahidi asiuguse, ila kuahidi hawezi. Mtoto anaweza kuamka sauti imekwaruza, au isiwepo.

Akasema tukaamue, tumpigie simu.

Baba yake ni fundi mwashi, mtu wa Tukuyu aliyenileta huku Pemba, na wakati huo alikuwa bara kwenye kazi ya kujenga. Nikampigia. Mume wangu maneno yake ni machache kama mvua ya kiangazi. Akanijibu, "Mama Tumsifu, mwenye magoti nyumba hii ni wewe. Omba. Utakapoongozwa, nami nimo."

Basi nikaomba.

Niliomba nikipika, nikichambua karafuu, nikifua. Kina mama wa kanisani nao wakaniombea, na kila mmoja akarudi na ndoto. Mmoja aliota kisu, akasema hilo ni onyo, asikatwe. Wa pili aliota mashuka meupe, akasema hiyo ni hospitali, akatwe. Wa tatu akasema meupe hayo huenda ni sanda. Nikawashukuru wote, nikawapa chai, nikabaki nimechanganyikiwa kuliko kabla hawajalala. Mchungaji akasema Mungu ana njia nyingi za kusema, nitulie nisikie.

Nilitulia. Sikusikia.

Hapa nitakiri. Nilimkasirikia Mungu. Nilimwambia, wewe ndiye uliyempa sauti, sasa kwa nini ulete donge lako hapo hapo? Kwani mwili ni mdogo?

Baadaye nikamkumbuka yule bwana wa kwenye Maandiko aliyetandika ngozi ya kondoo nje usiku, akamwomba Mungu umande uloweshe ngozi na nchi ibaki kavu. Wa kanisani mnamjua. Nikasema, kama yeye alijibiwa, mimi nina kosa gani? Ila kondoo sina, na ngozi yake nitaitoa wapi hapa Ole. Nina karafuu.

Ilikuwa jua linazama, kila nyumba inaanua. Nami nikaanua zangu zote, nikabakisha jamvi moja tu katikati ya uwanja. Nikasimama juu yake nikamwambia Mungu, "Asubuhi nikikuta ardhi imelowa na karafuu hizi kavu, nampeleka akakatwe. Zikilowa, simpeleki." Nikasema amina, nikaingia ndani.

Mtu wa Pemba akisoma hapa atacheka, maana anajua. Karafuu hazilali nje. Msimu wa vuli, ukiacha jamvi nje usiku, asubuhi unakuta limelowa, halihitaji muujiza. Nami nilijua. Nimechuma na kuanika kisiwa hiki tangu nimeolewa, nilijua vizuri kabisa. Nilikuwa nimemtegea Mungu jibu ninalolitaka mimi, kisha nikaliita maongozi.

Alfajiri nikatoka. Ardhi imelowa chepechepe, kumbe mvua ilipita. Nikaangalia jamvi, sikuliona. Nikaona turubai la buluu, limebanwa kwa mawe kila pembe, limekaa kama kaburi. Nikafunua. Karafuu kavu, ukiivunja moja inalia.

Turubai lile nalijua. Ni la Bi Time.

Bi Time ni jirani yangu wa uwanja mmoja, mjane, mzaliwa wa hapa hapa, bibi na babu zake wamezikwa hapa. Ndiye aliyenifundisha kuchambua karafuu nilipokuja nikiwa bi harusi nisiyejua kijiti cha konyo ni kipi na karafuu ni ipi. Nikamfuata kwake nimekunja uso. Alikuwa anapuliza moto.

"Bi Time, nani kakwambia ufunike karafuu zangu?"

Akaniangalia kama nimeuliza nani kamwambia apumue. "Salamu kwanza, Mama Tumu." Yeye jina la Tumsifu analikata, anamwita Tumu. "Umeamkaje?"

"Salama. Nani kakwambia?"

"Mvua ndiyo iloniambia. Weye una mawazo ya mtoto, nikajua umesahau jamvi. Tena nikasema, kesho atanletea japo vitumbua. Kumbe unaniletea ugomvi."

Na ni kweli, desturi ya huku ndiyo hiyo. Mvua ikija, mwenye macho anapiga ukelele, na mwenye mikono anaanua jamvi lililo karibu yake. Huulizi za nani. Hata mliogombana mnaanuliana, halafu mnaendelea na ugomvi wenu. Bi Time hakufanya ila kile ambacho kila mtu hufanya.

Nikakaa kwenye kibao chake cha mbuzi ya kukunia nazi nikalia. Nikamweleza yote, ngozi ya kondoo, umande, sharti nililoweka. Alicheka mpaka akashika ubavu.

"Sasa we ulitaka karafuu ziwe kavu ndiyo umpeleke?"

"Ndiyo."

"Na kavu hizo."

"Umezifunika wewe, Bi Time. Haihesabiki."

"Mie nimezifunika. Na mie nani kaniamsha? Weye wanijua usingizi wangu. Hata adhana mjukuu ndiye anitikisaye." Akaacha kucheka, akaninong'oneza kama tuko hospitali. "Shoga yangu, Mungu n'takuachia weye na kanisa lako. Mie nauliza la hapa chini. Tumu mwenyewe kasemaje?"

Nikaanza kuhesabu kwa vidole niliowauliza.

Nilimuuliza mchungaji. Nilimuuliza mume kwa simu. Niliuliza ndoto za watu watatu na jamvi la karafuu. Mwenye shingo sikumuuliza.

Nikavuka uwanja kurudi. Tumsifu alikuwa ameamka, ameegemea ukuta wake, mtandio shingoni, anasahihisha madaftari ya watoto. Nikakaa chini, kwenye mkeka, mimi chini yeye juu. Nikamuuliza, "Mwanangu, wewe unataka nini?"

Aliweka kalamu juu ya daftari.

"Mama, nilikuwa nangoja umalize kuomba," akasema. "Sikutaka kukukatiza. Mimi nataka kulala. Nataka kulala chali kama watu, nisiogope kwamba sitaamka. Wimbo, Mungu akinirudishia, nitaimba. Asiponirudishia, nitapumua."

Halafu akaniuliza swali ambalo mpaka leo linanichoma. "Wewe ukinikosa na ukiikosa sauti yangu, kipi kitakuuma zaidi?"

Sikulala mchana wala usiku kwa swali hilo, maana lilinionyesha nilichokuwa nakiombea. Sala zangu zote, ukizisikiliza vizuri, zilikuwa zinasema: Bwana, usiiguse ile sauti. Nilikuwa naogopa kurudi kanisani na mtoto kama watoto wengine. Nilikuwa naogopa fundi baiskeli agonge nyundo yake.

Nilikuwa naiombea sifa yangu, nikadhani naombea mtoto.

Kulipokucha nikampigia daktari.

Safari sitaisimulia, ila Bi Time alinifungia mkate wa kumimina na kunipa turubai lake eti nikifika Unguja mvua ikanyesha nitajifunika. Nililibeba. Ndani ya hospitali, wakati mtoto yuko ndani na mlango umefungwa, nililikunja nikalikalia, na hapo ndipo kwa mara ya kwanza niliomba sala fupi. Nikasema, "Bwana, mrudishe anapumua." Basi. Sikuweka sharti. Na niwaambie ukweli, amani niliyokuwa nikiitafuta miezi yote ile ilinikuta pale, nimekalia turubai la Bi Time, kabla hata mlango haujafunguliwa.

Alirudi anapumua.

Sauti ilirudi nusu. Nzito, imekwaruza, kama redio yenye betri zinazoelekea kwisha. Daktari akasema asiilazimishe, asiimbe, asipige kelele, tuipe muda, yumkini ikanyooka na yumkini ikabaki hivyo. Tangu tumerudi anazungumza kwa kunong'ona, na mimi mwenye maneno mengi nimejifunza kusogeza sikio.

Leo asubuhi tulikwenda kanisani. Wimbo kaanzisha binti mwingine, na Mungu anisamehe, hajafika hata robo ya wangu. Nilimtazama Tumsifu nikitegemea kuona machozi. Alikuwa ametulia, kifua kinapanda na kushuka, taratibu, amefumba macho. Nje nikasikia nyundo ya fundi baiskeli inagonga. Nilikuwa nimejiandaa kuumia. Sikuumia. Au niliumia kidogo, Shajara, kidogo tu, nisikudanganye.

Tulipotoka, fundi aliacha kazi yake akaja kumpa Tumsifu pole. Akamwambia, "Mwalimu, sie twangoja." Tumsifu akatabasamu.

Alasiri nilikuwa nyuma ya nyumba, mimi na masufuria yangu. Bi Time alikuwa kwake ndani, kajilaza, na karafuu zake zote ziko uwanjani, mavuno ya wiki nzima, majamvi yamepangana. Tumsifu amekaa kizingitini. Wingu likaja upande wa Wete, jeusi, na mimi sikuliona.

Nikasikia mtu anapiga ukelele.

"Bi Time! Mvua!"

Sauti sikuitambua. Ilikuwa nene, imepasuka katikati, sauti ya mwanamke aliyekula chumvi nyingi. Nikageuka kutafuta mgeni ni nani. Ilikuwa Tumsifu, amesimama uwanjani, shingo nje, kovu linaonekana, anaita tena, "Bi Time, mvua hiyo!"

Na Bi Time, ambaye adhana haimwamshi, akatoka mbio bila kanga ya kichwa.

Tulianua sote watatu. Tone la kwanza lilipoanguka jamvi la mwisho lilikuwa limeshaingia barazani. Nikataka kumgombeza mtoto, daktari alisema nini, umesahau? Nikashindwa, kwa sababu nilikuwa nalia na kucheka kwa pamoja, na Bi Time ananipiga bega, anasema, "Msikie huyo. Mie nilidhani mwadhini."

Tumsifu akashika shingo yake, akamtazama. Akanong'ona, "Nimekulipa turubai."

Sasa mvua imekatika. Bi Time kaniletea chai ya tangawizi ya mgonjwa, na kikombe changu pia, maana anasema mama wa mgonjwa naye mgonjwa. Karafuu zake ziko salama barazani kwangu, zimechanganyika na zangu, na hakuna aliyejali kuzitenga.

Sauti niliyoisikia leo siyo ile niliyojivunia. Najua huenda ile haitarudi. Lakini naandika hapa ili nisijisahau: nilimwomba Mungu anisemeshe, nikangoja ngurumo na ndoto. Je, miezi yote ile alikuwa amenyamaza, au alikuwa amekaa chumba cha uwani akinisubiri nimalize kuomba?

Naenda kumfunika Tumsifu, kumeingia baridi. Jua likitoka kesho, tunaanika.