Wimbo wa Ng'ombe wa Mama Njeri

Nyambura wangu,

Pokea salamu za Molo pamoja na baridi yake, maana najua huko Doha unaihitaji. Goti la cucu, bibi yako, limepona, na ameanza tena kugombana na kuku.

Umeniuliza: Ijumaa ukisimama na gitaa lako mbele ya Wakenya wenzako kule Abu Hamour, uimbe nyimbo ulizotunga, au zile za Kimarekani wanazozijua?

Nilipokuwa kijana nilivaa kofia ya kauboi na kuimba za Kimarekani tu. Siku moja, kwenye harusi, nikaimba kuhusu treni. Jirani yetu Mama Njeri akanikatiza: "Hiyo treni imembeba nani?"

Sikujua! Watu wakaangua kicheko. Kwa aibu nikabadilisha maneno papo hapo, nikamwimba ng'ombe wake, Kanini, ambaye kijiji kizima kilijua hupiga ndoo teke kila asubuhi. Lo! Mama Njeri alicheza mpaka kitambaa kikamtoka kichwani.

Sikuwahi kurekodi hata santuri moja. Lakini wiki jana nilimsikia muuza maziwa, mgeni hapa kwetu, akiuimba wimbo huo huku akinipimia. Nikamuuliza ulitungwa na nani.

"Guka, huu haukutungwa. Ulikuwako tu."

Sijawahi kupigiwa makofi kama hayo.

Sasa niambie, kwenye basi la kampuni linalowapeleka kazini West Bay, ni nani hukoroma kuwashinda wote? Anza na huyo.

Babu yako, Guka