Nilikuchua Mgongo Usiouma

Baba mpendwa,

Shikamoo. Ulinifundisha kwamba mtoto akimwona mkubwa hasubiri kuulizwa, anaamkia kwanza, mengine baadaye. Basi nimeamkia. Marahaba nitajiitikia mwenyewe, maana umelala pale kijijini Daudi nyuma ya zizi, na kwa mvua za mwaka huu majani yameota hadi yamefunika saruji ya kaburi lako. Nitakuja kuyang'oa.

Nakuandikia kwa sababu ya mzee mmoja aliyekuja kazini kwangu akakataa kiti. Lakini nikianza na yeye hutanielewa. Ngoja nianze na wewe.

Unakumbuka ulivyokuwa ukirudi kutoka Hanang mavuno yakiisha? Ulikuwa dereva wa kombaini kwenye mashamba ya ngano ya serikali, na mimi niliwatambia wenzangu shuleni kwamba baba yangu anaendesha nyumba inayotembea na kula ngano. Ulifika na makapi masikioni, mama akakupokea mzigo, mimi nikakimbia kukuletea kigoda. Hukukikalia hata siku moja. "Weka hapo, mwanangu," ulisema. "Nimekaa msimu mzima, acha miguu nayo ifanye kazi." Tulicheka. Ulikula umesimama, umeegemea mwimo wa mlango, sahani mkononi. Kanisani ulisimama nyuma kabisa, hata wakati wa mahubiri, na watu wakasema huyo dereva wa serikali anaringa, benchi letu litamchafulia suruali. Mimi nilifurahi kidogo kuwa na baba anayeringa.

Jioni ulisema mgongo unauma. Mama aliyeyusha mafuta ya kondoo kwenye kibati, mimi nikaitwa. Nilikuwa na miaka tisa nilipoanza kazi hiyo. Ulilala kifudifudi kwenye ngozi ya ng'ombe karibu na moto, nikakuchua kuanzia mabegani hadi kiunoni, mikono ikaishia kwenye mkanda, maana binti havuki mkanda wa baba yake.

"Hapa, Baba?"

"Hapo hapo."

"Na hapa?"

"Na hapo."

Kila mahali palikuwa hapo hapo! Nikajiona daktari. Mama alikaa ng'ambo ya moto akichambua maharage, kimya, na mimi nikadhani amechoka tu.

Halafu ikaja ile siku ya wakwe. Naumia mpaka leo nikiitaja. Wazee walitoka Gitting kuja kuniposa kwa ajili ya kijana wao, yule mwalimu, na wewe ulijua nilivyompenda, kwa sababu nilikuwa sijui kuficha. Pale kwetu wazee wakikutana kwa jambo la binti, baba yake ndiye anayekaa wa mwisho, na akishakaa hainuki mpaka neno liishe. Akiinuka katikati, amekwisha kujibu. Hana haja ya kutamka hapana.

Nilikuwa jikoni na mama, nachungulia kwenye upenyo wa ukuta. Ulikaa. Mshenga wao alikuwa mtu wa maneno marefu. Alianza na mvua, akaja kwenye malisho, akazunguka weee, hafiki. Nikaona jasho linakutiririka, na asubuhi ile kulikuwa na ukungu na baridi ya kung'ata meno. Ukaegemea upande huu, ukaegemea upande ule. Kabla hajafika kwenye jina langu, ukainuka, ukatoka nje, ukaenda kusimama zizini umeshika mti wa lango kwa mikono miwili.

Wazee wakatazamana. Mshenga akasema taratibu, "Tumesikia." Wakachukua fimbo zao.

Ulirudi mbio ukiwasihi. "Jamani, kaeni. Ni mgongo tu umenishika."

Nani angeamini? Mtu anakaa juu ya kombaini toka jua linachomoza mpaka linazama, leo ashindwe na kigoda? Hawakurudi tena. Mwalimu alioa kwao mwaka uliofuata.

Na mimi sikukuamini. Nilisimama mbele yako, mama akisikia, nikasema, "Ungesema tu humtaki. Usisingizie mgongo." Mdomo wangu unaujua, hauna breki. Ulinitazama, ukageuka ukarudi zizini. Jioni ile mama aliyeyusha mafuta akaniita. Sikwenda. Wala kesho yake, wala msimu uliofuata, wala siku moja mpaka nilipoondoka kwenda chuo. Nilikunyima mikono yangu makusudi, Baba, ili ikuume. Hukuwahi kuniuliza kwa nini.

Ulipofariki, mashamba yenyewe yalikuwa yamekwisha kukutangulia, kombaini zimesimama zinaota kutu. Baada ya mazishi, wageni walipopungua, mama aliniita zizini.

"Baba yako hakuumwa mgongo hata siku moja," aliniambia. "Alikuwa anaungua pale anapokalia, na huko mbele, kama amekalia kaa la moto. Angekuambiaje, wewe binti yake? Hata zahanati alisema mgongo, maana nesi alikuwa msichana."

Nikamuuliza, sasa kwa nini alikubali nimchue?

"Kulala kifudifudi ndiko kulikompa nafuu. Lakini mwanaume mzima akijilaza hivyo jioni mbele ya watoto na wageni, ataulizwa. Akichuliwa mgongo na binti yake, nani atamuuliza?"

"Na siku ya wakwe hukunena kitu, mama?"

"Aliniapisha."

Siri ya mtungi aijuaye kata. Nilishika ule ule mti wa lango ulioushika wewe, nikalia mpaka mama akanivuta ndani. Kumbe sikukunyima mikono peke yake. Nilikunyima mahali pa kulala.

Sasa mimi ni mtu wa fiziotherapia, natibu viungo na misuli, na yale maumivu yako nayajua kwa jina. Kuna mshipa wa fahamu unaopita ndani ya nyonga. Ukibanwa au ukichokozwa miaka na miaka, mtu hawezi kukaa. Sijui kama ni kiti cha kombaini kilichokufanya hivyo, ingawa mama anakilaani mpaka leo. Hapa kazini tuna mashine ya leza baridi. Unaweka mwanga mwekundu juu ya ngozi, hauchomi, mgonjwa hasikii kitu. Sitakudanganya, Baba. Wengine wanapata nafuu, wengine wanaondoka kama walivyokuja. Nimejiuliza mara nyingi wewe ungekuwa yupi.

Mwezi uliopita akaingia yule mzee, mtu wa Maretadu, kofia mkononi. Nikamwamkia, nikamwambia, "Kaa, Baba."

"Hapana, mwanangu. Acha nisimame. Ni mgongo huu."

Nikasoma vyeti vyake: dawa za mgongo, za mgongo, za mgongo, miaka sita. Huwa tunawatania wagonjwa kwamba mficha uchi hazai, lakini siku hiyo sikutania. Nikafunga mlango, na mimi nikasimama.

"Baba yangu naye alisema mgongo," nikamwambia. "Nilimchua miaka na miaka. Haukuwa mgongo."

Akageukia dirisha. "Wewe ni mtoto," akasema.

"Ndiyo, Baba."

"Ni pale ninapokalia," akasema, na machozi yakamtoka hapo hapo, mzee wa watu.

Daktari alimpima kwanza, ndipo tukaanza. Leza anaishika mwenzangu wa kiume. Mimi nakaa upande wa kichwa, namtazama usoni tu, tunazungumza habari za mahindi yake. Leo ilikuwa mara ya nne. Hajapona. Ila ameniambia kwa majivuno kwamba Jumapili alikaa kwenye benchi mpaka somo la kwanza likaisha, na mkewe akamgeukia kana kwamba ameona muujiza.

Mwenzangu alipozima mashine akatoka, mzee alibaki kifudifudi, amefumba macho, uso umelegea. Mara akashtuka, akaanza kujiinua haraka haraka kama mtu aliyefumaniwa. "Samahani, mwanangu, naamka, naamka."

Nikamwekea mkono begani, pale nilipokuwa naanzia kwako.

"Lala tu, Baba," nikamwambia. "Hapa hakuna anayeuliza."

Nawe lala, Baba yangu. Nisamehe zile jioni zote.

Ni mimi, binti yako uliyemwachia mgongo.