Miaka Kumi na Minne Uliyomwongezea Mama

Nyuma ya Soko,
Kibiti, Pwani.
14 Julai 2024

Mpendwa Mjomba Iddy,

Shikamoo. Nakuamkia kwa adabu zote hapa mwanzoni, maana huko mbele adabu inaweza kunipungukia, na sitaki useme sikukuamkia.

U hali gani huko Kasulu? Mkaza mjomba Mwamini, mguu wake umepoa? Sisi huku tu wazima, yaani tuliobaki. Yasmin wangu ameota meno mawili ya mbele na anamng'ata kila anayembeba. Mpunga wa bondeni wote ulikwenda na maji ya masika, lakini hilo ulishalisikia, na silo lililonishikisha kalamu.

Naandika kwa sababu simu zangu hupokei. Tangu mazishi napiga, mara inaita tu, mara inakatwa. Barua haikatwi. Anakuletea Ashrafu, mwanangu mkubwa, na nimemwambia asiondoke kwako mpaka aone umeifungua.

Mjomba, nina hasira na wewe. Sina njia ya kuizungusha.

Wakati wa mazishi watu waliambiwa tu kwamba mama ameuawa na homa. Sasa nakueleza yote, hata yale unayoyajua. Homa ilimshika Kiongoroni siku ya Ijumaa: kichwa, viungo, macho mekundu. Jumatatu alfajiri fizi zikaanza kutoka damu. Mdogo wangu Dulla akampakia kwenye boti mpaka Nyamisati, na gari la wagonjwa likamleta kwenye kambi ya mahema waliyoweka nje ya mji kwa ajili ya homa hii. Nilimkuta mapokezi, mimi upande huu wa uzio, yeye upande ule, hatua nne baina yetu.

Muuguzi wa mapokezi, anaitwa Zawadi, alikuwa na kishikwambi chenye kikokotoo ndani yake. Si kile cha mafao ya kustaafu kinachokunyima wewe usingizi. Hiki kinakokotoa nani atapona. Unakiambia umri, homa ni siku ya ngapi, damu inatokea wapi, mgonjwa anakojoa au hakojoi, akili anazo au zimepotea, nacho kinatoa namba katika mia. Dawa ya sindano iliyoletwa ilitosha watu tisa, na wagonjwa walikuwa ishirini na sita. Ikaamuliwa wapewe wenye namba thelathini kwenda juu. Hilo silikatai. Lazima waamue kwa kitu, na afadhali namba kuliko kutazamana sura na kuulizana ukoo.

Zawadi akamuuliza mama umri. Midomo imemkauka, damu kwenye meno, akajibu bila kusita: "Sitini na nne."

Hata homa ile haikumsahaulisha agizo lako. Unakumbuka 2021, ulipokuwa mtendaji wa kijiji huko Kiongoroni, na tezi la shingo linamkaba mama, na hatuna pa kuanzia. Ukamjazia fomu ya kadi ya wazee atibiwe bure, ukaandika amezaliwa 1960. Hukuishia kwake. Wanawake kumi na mmoja wa kijiji kile walizeeka siku moja, tukacheka mpaka machozi. Ukatuonya kwamba miaka ni ile ya kwenye kadi, ya zamani isitajwe hata mbele ya malaika. Tezi likatolewa, nikakubusu mkono. Shukrani ile siifuti.

Kikokotoo kikatoa kumi na tisa. Wakampeleka kwenye hema la nyuma, la kupewa maji na kuombewa.

Nikakupigia palepale. Siku ile ulipokea. Nilikueleza neno kwa neno, kwamba mama amenyimwa dawa kwa miaka ambayo si yake, na jibu lako ninalo kichwani mpaka leo: "Sihaba, nyamaza. Nimebakiza miaka mitatu nistaafu."

Nami nikanyamaza. Siku mbili nzima, mtu mzima mwenye ulimi wake. Hasira hiyo ni yangu, nimeibeba, wala sikutupii.

Jumatano asubuhi nikamfuata Zawadi nikamwambia kweli. Hakunigombeza. Alirudia hesabu kwa hali ileile mama aliyofika nayo, akaweka miaka hamsini badala ya sitini na nne. Ikatoka arobaini na moja. Dozi ya tisa ilikuwa imeshatolewa jana yake. Mama akafa Alhamisi baada ya alasiri, akafanyiwa tayamamu na watu waliojifunika mpaka macho, tukamsalia kwa mbali.

Nimemuuliza Zawadi kama dawa ingemponya. Alisema arobaini na moja si mia, na wapo waliopata dawa wakafa. Najua. Lakini ile arobaini na moja ilikuwa yake, Mjomba, haikuwa ya mtu mwingine kuichezea.

Sasa sikia la juzi, lililonifanya nisilale. Habari za wagonjwa wote zinapelekwa kwa waliotengeneza kile kikokotoo, wakiboreshe, kijue zaidi homa ikirudi. Mkubwa wa Zawadi ameurudisha umri wa kwenye kadi, kwa kuwa neno la binti halishindi karatasi ya serikali. Kwa hiyo mama ameandikwa hivi: miaka sitini na nne, alikisiwa kufa, amekufa. Pembeni wameweka tiki. Kimepatia.

Wewe ndiye uliyembeba mwaka wa maji makubwa, sabini na nne, ukapanda naye kwenye dungu la kulindia shamba akiwa hajatimiza siku arobaini. Ulikuwa na miaka saba. Bibi ametuhadithia mara ngapi? Leo kwenye karatasi mdogo wako amekuzidi miaka saba, na wewe unaogopa kalamu uliyoishika mwenyewe.

Bi Rukaiya na wenzake tisa bado wanatembea na miaka uliyowagawia, na homa haijaisha. Nimewafuata huko huko nikawaambia wakiugua wataje umri wa kweli kwanza. Wawili ndio walioniitikia. Wengine wanasema mpaka mtendaji aliyewaandika aseme mwenyewe.

Nataka ukurasa mmoja. Uandike ni mwaka gani mama alizaliwa na nani aliubadilisha, uweke sahihi yako ileile. Ashrafu ataungoja. Nitaupeleka kambini, maana kitabu chao cha wagonjwa kinafungwa tarehe 31 mwezi huu. Kama watakufanya kitu au hawatakufanya, sijui, sitakudanganya. Mficha maradhi kilio humfichua, na kwetu kilio kimeshapita.

Fundi amemaliza kibao cha kaburi. Nimemwambia aandike jina na siku aliyokufa. Mwaka wa kuzaliwa ameuachia nafasi.

Nisalimie mkaza mjomba na watoto wote hapo nyumbani, hasa Salama, umwambie kanga zake alizosahau ninazo. Dulla anakusalimu, ingawa alisita kidogo kabla ya kunituma.

Mwenyezi Mungu akupe umri mrefu, Mjomba, na uwe wa kweli, usioongezwa na mtu.

Ni mimi mpwa wako, nikupendaye hata kwa hasira hii,

Sihaba binti Khamisi