Sitaha ya Kadi Ngumu

Dada yangu,

Mimi mzima, na meli yangu ya karatasi ina madirisha sitini, nimeyatoboa kwa sindano. Wewe na shule yako yote huwezi!

Sitaha ilitaka kadi ngumu. Nikachukua moja kabatini kwa Mama, nikaikata bila kuisoma, unanijua. Gundi ilipokauka ndipo nikaona ni kadi ya hospitali: jina la Mama, uvimbe tumboni, siku ya upasuaji juzi.

Juzi Mama alishinda akifua mashuka!

Nikamuuliza mbona hakwenda. Akasema, “Ningekuacha na nani, mtundu wewe? Na dada yako usimwambie, ana mitihani.”

Basi nimekwambia. Kesho nampeleka hospitali mwenyewe, atake asitake. Njoo, Dada. Naogopa.

Mdogo wako