Majibu ya Zuhura

Mwalimu Seif,

Arobaini yako tuliisoma miezi mingi iliyopita, na wali ulikuwa wa Rufiji, si ule wa dukani uliokuwa ukiuponda. Nakuandikia kwa sababu hapa chuoni sina wa kumwambia haya akanisikia.

Maabara yako imekua. Ile stoo ya majembe uliyomwomba mkuu wa chuo mpaka akachoka kukukatalia, sasa ina kiyoyozi, jokofu na hadubini mpya. Wanafunzi wa shahada wanasoma slaidi za malaria, vile vioo vya damu, wenyewe, hapa hapa Kibiti, bila kungoja mtu wa Dar. Ungefurahi, halafu ungeanza kutafuta kosa. Kosa lipo.

Unakumbuka kule kisiwani, tulipokuwa tukiwapima watoto malaria? Kabla ya kumtoboa mtu yeyote ulijitoboa kidole chako mbele ya kina mama, ukikunja uso makusudi ili watoto wacheke. Na hatukuchukua damu mpya kabla ya kurudisha majibu ya ile ya zamani. Tulikaa mkekani, ukamwambia kila mzazi ya mwanawe kwa mdomo. Nikilalamika kuwa matope ya mikoko yamenimalizia viatu, ulisema, "Damu ya mtu ni amana, Mwanahawa. Ukikaa nayo kimya umeiba."

Aliyeshika nafasi yako anaona kurudisha majibu ni kumaliza mafuta ya boti. Vijana wakawa wanakwenda, wanatoboa, wanafunga masanduku, wanaondoka. Majibu yanabaki kwenye kompyuta. Kisha Zuhura, yule binti mdogo aliyependa kukubebea kofia, akafa kwa homa.

Sasa kisiwani wanasema chuo kimeleta mumiani wa kuwanyonya damu. Juzi tulipofika, wanawake waliokuwa wakianika kamba walibeba watoto wakaingia ndani. Milango ikafungwa, mmoja baada ya mwingine. Bi Mwajuma, aliyekuwa akitupikia chai, alizungumza akiwa dirishani. "Wanangu, rudini. Mwataka damu tu, neno hamna."

Ningewaona washirikina, Mwalimu, kama nisingesoma slaidi za Zuhura. Ya kwanza ilikuwa na vimelea, sawa. Ya pili ilichukuliwa akiwa ameshamaliza dawa, na vimelea bado vimejaa. Nikatazama za watoto wengine waliomaliza dawa. Wapo walio hivyo hivyo. Huenda dawa imeanza kushindwa. Huenda nimekosea, slaidi chache hazithibitishi kitu, na damu ya kuthibitishia imo nyuma ya milango ile. Mvua za vuli zimeshaanza na madimbwi yamejaa. Naogopa, Mwalimu. Sijawahi kuogopa hivi.

Lakini si hilo linalonikosesha usingizi. Slaidi ile ya pili kijana wetu aliisoma vizuri, kama ulivyowafundisha, akaingiza jibu kwenye kompyuta. Zuhura alikuwa bado hai. Angeweza kupelekwa hospitali. Jibu halikuvuka maji.

Kesho navuka. Sindano naziacha hapa, nabeba majibu peke yake, ya kila mtoto. Nakuahidi nitaanza na nyumba ya mama yake Zuhura. Akinifungulia, nitamwambia kwamba tulijua.

Mungu akupe nuru huko uliko, mwalimu wangu. Niombee mlango huo ufunguke.

Mwanahawa wako