Siku Mwenyekiti Alipomtafuta Feza

Jumatano, Mwamgongo. Jioni, jua bado lipo.

Leo ziwa limetulia kabisa. Upepo ulikata asubuhi na mapema, na kuanzia saa nne jua likawa linachoma bila huruma. Wiki hii mwezi ni mkubwa. Dagaa hawafuati karabai usiku ukiwa na mbalamwezi, kwa hiyo wavuvi hawaendi ziwani, wamejazana kijijini wanacheza bao na kugombana na wake zao. Mchanga wa ufukweni uko mtupu, hakuna dagaa walioanikwa.

Nimechoka mpaka magoti. Nina furaha, tena nina wasiwasi, na sijui nianze na kipi.

Nianze na utaratibu wa hapa, maana bila huo mambo ya leo hayaeleweki. Uji wa shule yangu ya vidudu unatoka kwenye shamba la ujamaa, lile la mihogo kule juu mlimani. Mzazi anayelima kule, mtoto wake ana kikombe. Asiyelima, mtoto wake hana. Na mtoto asiye na kikombe haletwi shule kabisa, kwani nani atastahimili kumwona anameza mate wenzake wakinywa? Utaratibu wenyewe siuchukii. Mwenyekiti wetu wa kijiji, Mzee Ntibakola, ndiye aliyeupigania, na ni kweli tangu uanze watu hawategei kazi.

Ila kuna Mama Feza.

Mama Feza alivuka kutoka Kongo wakati wa vurugu za kule ng'ambo, mtoto mgongoni, mume hakufika. Feza sasa ana miaka mitano na bado yuko mgongoni. Miguu imekakamaa, mikono haimtii, shingo inachoka upesi, na akicheka udenda unamtoka. Akili anayo tele. Maneno anayo pia, ila yanatoka polepole na yanataka mtu mwenye subira. Sasa niambieni, mama huyu atapandaje mlima ule na jembe begani na mtoto wa miaka mitano mgongoni? Halimi. Kwa kuwa halimi, Feza hana kikombe. Kwa kuwa hana kikombe, haji shule. Kwa kuwa haji shule, mama hana pa kumwacha, basi halimi.

Tangu niletwe hapa kutoka Ujiji nimelizungusha jambo hili kichwani na kila mara narudi palepale. Nilimwendea mwenyekiti. Akaniambia shule ya vidudu ni ya kuwaandaa watoto wazima waingie darasa la kwanza. Nikamwendea tena. Akasema, "Mwalimu Zuhura, wewe bado msichana. Usijitwike mizigo ya watu." Nikamwambia ndiyo mzee, nikaondoka, njiani nikalia. Mimi nikikasirika nalia, ndivyo nilivyoumbwa, na watu wanadhani nina moyo laini. Wangejua!

Basi wiki iliyopita mwenyekiti akapanda boti kwenda Kigoma mjini kwenye mikutano yake. Jumapili nikaenda kwa Mama Feza. Nikamwambia, kesho niletee mtoto, kisha chukua jembe upande shambani na wenzako. Usiombe ruhusa kwa mtu. Akaniuliza:

"Na akikulilia, Mwalimu?"

Nikamwambia atalia, watoto wote hulia siku ya kwanza.

Feza hakulia hata kidogo. Kidogo nilie mimi. Jumatatu nilitaka kumpa heshima, nikaazima kiti cha mbao kwa Mama Kashindi, ambaye ndiye mpishi wetu wa uji, nikamkalisha Feza mbele ya wenzake na kumfunga kanga kiunoni asidondoke. Wenzake wote wako chini mkekani, yeye yuko juu peke yake anawatazama kama mgeni rasmi. Hakuna aliyemsemesha. Kila baada ya muda alikuwa anateleza, namvuta juu, anateleza upande wa pili. Nyimbo za kuhesabu ziliimbwa bila mimi. Na niseme kweli, maana hapa hasomi mtu: ule udenda ulinikera. Nilikuwa naufuta nikiwa nimebana pumzi. Feza akaniona nimebana pumzi.

Jioni ile nilijiona hovyo kabisa.

Jana, Jumanne, nikawatoa wote nje. Kila mwanamke wa pwani hii anajua namna ya kumkalisha mtoto ambaye kiuno chake bado laini. Unapoanika dagaa unachimba kishimo mchangani, unamweka mtoto ndani, unamrudishia mchanga mpaka kiunoni na kuushindilia kidogo. Mtoto anakaa imara, wewe mikono yako yote miwili iko huru. Nikamchimbia Feza chake, kikubwa zaidi. Akakaa. Hakuteleza. Shingo ikanyooka, akageuka kushoto akaangalia maji, akageuka kulia akaangalia wenzake, nami nikataka kupiga vigelegele.

Ndipo Bukuru akaropoka. Bukuru na Butoyi ni pacha wangu wa darasa, Bukuru msichana na Butoyi mvulana, na kama kuna fujo popote ujue wao ndio wameianza. "Feza mtoto mchanga! Wanaokaa shimoni ni watoto wachanga!" Darasa zima likacheka. Feza akainamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa kifua.

Sikumkemea Bukuru. Sijui ni nini kilinituma, lakini nilipiga magoti nikachimba shimo langu kando ya Feza, nikajitumbukiza na gauni langu, nikajifukia. Mchanga wa chini ulikuwa wa baridi, mtamu ajabu. Nikasema haya, tuhesabu kokoto. Kisha Butoyi akauliza kwa sauti ndogo kama na yeye anaweza kuwa na shimo. Weee! Nilichokianzisha! Kila mtu akataka lake, na anayelikosa analia. Tuliishia wote tumekaa mstari mmoja kuelekea ziwani, tumezama hadi kiunoni, na Mama Kashindi anapita na sufuria ya uji huku anajishika mbavu kwa kicheko. Kikombe cha Feza alikitoa kwake nyumbani. Hakuniuliza kitu.

Kumbe Feza kiuno kikishikwa, mkono wa kushoto unamtii. Alichukua kokoto moja moja akaziweka mbele yake, akafika tano, akapumzika, akaendelea. Wenzake walichoka kungoja, wakaanza kumhesabia, nikawakataza. Wakangoja.

Hayo yalikuwa ya jana. Leo ndiyo yenyewe.

Mwenyekiti alirudi na boti ya jana jioni. Asubuhi akapanda shambani kukagua kazi, akamkuta Mama Feza katikati ya wanawake analima, mgongo mtupu. Sikuwepo, ila nimesimuliwa na watu wengi, na kila mmoja ameongeza chumvi yake. Inasemekana alimuuliza mtoto yuko wapi, Mama Feza akanyoosha jembe kuelekea chini kwetu, akaendelea kulima. Mzee akageuka papo hapo akaanza kuteremka mlima.

Mimi nilikuwa shimoni. Hapo ndipo aibu ilipo. Nasikia mtu anahema nyuma yangu, nageuka, ni Mwenyekiti, suruali imejaa mbigili, na siwezi kuinuka upesi kwa sababu nimejishindilia mchanga vizuri mno. Nikamwamkia nikiwa chini. "Shikamoo, Mzee." Hakuitikia. Alikuwa anatazama mstari wa vichwa na vifua.

"Mwalimu, hii ndiyo elimu ya kujitegemea? Umewapanda watoto kama mihogo?"

Watoto wakacheka, na hilo halikunisaidia. Akasema kijiji kina kamati, kina utaratibu, na mimi nimemzunguka. Na kweli ndivyo nilivyofanya. Niliona kabisa Mama Feza anarudishiwa mtoto wake mgongoni leo leo, na safari hii moja kwa moja.

"Yuko wapi huyo mtoto?"

Nikafungua mdomo nimwonyeshe. Kisha nikaufunga.

Akaanza kupita mbele yao mmoja mmoja. Mimi nikamtazama tu. Huyu mzee amemwona Feza mara nyingi kuliko nilivyomwona mimi, njiani, kisimani, kwenye mikutano ya kijiji, lakini alikuwa anauona mzigo mgongoni mwa mtu, kichwa kimeinama, miguu inaning'inia. Sasa hana miguu ya kutazama. Wote hawana miguu. Wote wana nywele zenye mchanga na kokoto mbele yao. Akasimama kwa Butoyi, ambaye leo ana mafua na kamasi zimefika mdomoni.

"Ni huyu?"

"Mimi ni Butoyi!" Alichukia kweli, maskini. Darasa likalipuka kwa kicheko, na aliyecheka kupita wote alikuwa wa tatu kutoka mwisho, kichwa kimerudi nyuma, udenda unashuka mpaka kwenye gauni. Hapo mzee akamjua.

Akachuchumaa mbele yake. Feza akaacha kucheka, akakusanya nguvu, akaanza kumwamkia. Maamkizi yake ni marefu, yanaanza na pumzi, kisha mdomo unatafuta mahali pake. Mwenyekiti akadhani amemaliza, akanigeukia aendelee kunisema.

"Ngoja, Mzee," Bukuru akamwambia. "Bado anakuamkia."

Mimi nilitamani mchanga unimeze mzima. Mtoto wa miaka sita anamfunga mdomo mwenyekiti wa kijiji! Lakini mzee alingoja. Sote tulingoja. Shikamoo ya Feza ikafika, nzima, na neno babu mwishoni. Naye akaitikia marahaba, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake hata mkutanoni.

Kisha akainuka, akautazama ufukwe, akatazama na banda letu la darasa lenye sakafu ngumu ya udongo. Akaniuliza giza likirudi na dagaa wakirudi, nitawaweka wapi watoto hawa, maana mchanga huu ni wa kuanikia. Nikamwambia kweli, sijui. Sikuwa nimefika huko. Akaguna. Akasema kuna wanaume tele wamekaa tu wanacheza bao, na kuleta mchanga bandani si kazi ya kuwashinda. Jumamosi watapigiwa ngoma waje.

Nikauliza, na kikombe cha Feza, maana mama yake sasa analima?

"Ya kikombe yatasemwa kwenye kamati Ijumaa, Ndugu Mwalimu." Akaanza kupanda tena mlima. Hakusema ndiyo. Nimeipima sentensi hiyo mchana kutwa, mara naona ina matumaini, mara naona ni ya mtu anayetafuta pa kutokea. Katika kamati kuna watu wasiomtaka hata mama mwenyewe, kwa kuwa alikuja kutoka ng'ambo.

Nilidhani siku imeishia hapo.

Mchana Mama Feza akateremka na wenzake, udongo mpaka magotini, na kwa mara ya kwanza nikamsikia anabishana na wanawake wengine, utani wa shambani, sauti ya juu kabisa. Alikuwa ameiva jua. Wenzake Feza wengi walikuwa bado hawajachukuliwa. Akaweka jembe chini, akainama, akaanza kufukua mchanga kiunoni kwa mwanawe ili ambebe.

Feza akampiga kwa mkono.

Haukuwa mkono wenye nguvu, lakini wote tuliuona. Mama akadhani ni bahati mbaya, akaendelea kufukua. Feza akaanza kulia. Akalia kile kilio ambacho nilimwambia mama yake kitatokea Jumatatu, cha mdomo wazi na kamasi, anajirudishia mchanga kwa mkono wake wa kushoto, na anasema neno moja, bado, bado. Nilikimbia nimsaidie mama, niombe radhi, sijui hata niombe radhi ya nini.

Mama Feza alikuwa amekaa kitako mchangani, machozi yanamtoka, anacheka.

"Mwalimu," akaniambia, "tangu nizale huyu mutoto, hajapata kunikatala hata siku moja."

Hakumtoa. Alisogea pembeni kidogo, akanyoosha miguu yake yenye udongo, akangoja. Wakaja kina mama wengine, wakachukua wa kwao, wakaondoka. Bukuru na Butoyi wakaitwa mara nyingi na hawakwenda. Jua lilikuwa limeshageukia upande wa Kongo Feza alipomwangalia mama yake na kumwinulia mkono abebwe.

Nimeyaandika haya nikiwa nimekaa mlangoni, mchanga bado uko ndani ya viatu vyangu na siutoi. Nitawahi kesho, nichimbe mashimo kabla hawajafika. Nitakwenda pia kwa Mama Kashindi nimwombe aje kwenye kamati, yeye wanamwogopa. Nami nitasema, hata kama nitalia, wafikiri wanavyotaka.

Na Ijumaa wakisema hapana, ni nani kati yao atakayekuja kumtoa Feza mchangani?