Ndoo Moja ya Dang'a

3 Februari

Mdogo wangu,

Hujambo? Mimi sijambo, na ungetaka kujua ungekuwa umeuliza. Mbuzi aliotuachia marehemu mama wamevimba magoti, wawili hata kusimama ni taabu. Na wote wana mimba. Si wewe ndiye afisa mifugo, mwenye koti jeupe? Haya, sema.

Dada yako

11 Februari

Dada,

Shikamoo. Sisi wazima. Hao mbuzi wana virusi visivyo na dawa. Mbuzi jike humwambukiza mwanawe kwa maziwa, hasa dang'a, yale mazito ya siku ya kwanza. Wana wakizaliwa, waondoe kabla hawajanyonya, uwape dang'a ya ng'ombe. Kundi la mama litapona kwa hao wana tu, wakubwa wamekwisha. Fanya hivyo hivyo, usiongeze akili zako.

Mdogo wako

2 Aprili

Msomi wetu,

Hujambo na vyeti vyako? Wamezaliwa sita, nikawaondoa. Ila mbuzi anyweshwe ng'ombe! Hayo ni maneno ya mtu aliyekimbia kufagia zizi. Nimemkamua Bibi Harusi, yule mwenye magoti laini kuliko wote, nikawanywesha wana kwa ndoo moja. Watano wamenona. Wa sita alikuwa kijiti kitupu; sikutaka kumpotezea dang'a nzuri, nikamtupia jirani.

Dada yako

9 Aprili

Dada,

Shikamoo, ingawa huistahili. Magoti hayasemi kitu! Mbuzi anaweza kubeba virusi maisha yake yote asivimbe popote. Bibi Harusi angemwambukiza mwanawe tu. Wewe umemfanya mama wa wote. Maji yakimwagika hayazoleki. Usiniandikie tena.

Mdogo wako

20 Julai

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Najua ulinikataza, lakini nimwandikie nani mwingine? Wana watatu wanaburuta miguu ya nyuma. Wawili waliobaki nawatazama kwa hofu kila wanapoinuka.

Kile kijiti kinarukaruka uani kwa jirani. Alikinywesha maziwa ya ng'ombe wake tangu siku ile, maana hakuwa na mengine. Nikaenda kukiomba. Akanitazama juu mpaka chini: "Zizi lenu lina ugonjwa, dada. Harudi huko." Nikaondoka.

Cheka, ukimaliza unisikilize. Wakubwa wengine mchinjaji amewachukua. Bibi Harusi nimemficha jikoni. Asubuhi ananisukuma bega nimkamue. Njoo umtoe wewe. Mimi siwezi.

Dada yako